Pipa la Fundi Saa

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nyumbani wote wazima, nami mzima, kwa hiyo salamu tuziweke kando tuje kwenye pipa.

Lile pipa la mboji uliloniachia nyuma ya nyumba limefikisha wiki ya saba. Nakiri nililipokea shingo upande. Niliona umenitafutia cha kunishughulisha tangu mama yenu alipotutoka, kama mtu anavyompa mtoto kifuniko cha sufuria achezee. Sasa nimelizoea. Asubuhi nakusanya maganda ya ndizi, maganda ya viazi na majani ya chai kwenye ndoo, natoka nayo uani, nafungua, natia, nafunika. Mke wa kaka yako anasema natembea kama mtu anayewahi ofisini.

Taabu ni nzi. Si wale wakubwa, ni vijidudu kama chembe za pilipili manga. Nikifungua kifuniko wananivaa usoni, wanaingia hadi puani. Miaka arobaini na moja nimetengeneza saa, nimeshika skrubu zisizoonekana bila kioo, leo nashindwa na kitu cha ukubwa ule ule. Nishauri. Wewe ndiye uliyesomea wadudu.

Simu usinipigie. Nimeshikwa na mafua yasiyokwisha, sauti inakwaruza, hutasikia neno. Tuandikiane tu. Basi la mizigo linakuja huko kwenu kila Jumanne, na konda wake ananifahamu. Tena barua naisoma mara tatu, simu ikikatwa imekatwa.

Kazi yako ishike vizuri. Ile miaka miwili uliyokaa kando ya kitanda cha mama yako sitaki uirudie kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Hicho kitalu wamekupa kwa sababu unakiweza.

Baba yako,
Fundi Saa


11 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nimechuchumaa katikati ya miche ya parachichi, nahesabu vidukari kwenye majani. Nimecheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuangalia kulikoni.

Hao wako ni nzi wa matunda. Hawaumi, ni kero tu. Wanafuata maganda yaliyoachwa wazi. Kila unapotia taka mbichi, zifukie ndani, kisha funika kwa majani makavu au maranda, unene wa kiganja. Nenda kwa yule seremala wa kwenye kona, atakupa gunia zima na kukushukuru. Ndoo moja ya mbichi, ndoo mbili za makavu, usikosee hapo. Ukichota ukakamua mkononi, iwe kama kitambaa kilichokamuliwa: kina unyevu, lakini hakidondoshi maji.

Ukiona sisimizi, jua kumekauka. Nyunyiza maji, geuza. Ukiona jongoo na nyungunyungu, waache, hao ni vibarua wako na hawadai chochote. Ila kitu kilichopikwa usitie kabisa. Wali, nyama, mkate, mafuta, maziwa, hivyo vyote hapana. Ukitia hivyo utakaribisha wageni usiowaweza.

Hayo mafua nayo yamezidi. Mwambie wifi akuchemshie tangawizi. Na kula, Baba. Nilipoondoka ulikuwa unadonoa tu. Huku kwetu mlimani simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo hata mimi nafurahi tukiandikiana.

Chiriku wako


20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimefanya kama ulivyoagiza na vile vijidudu vimehama. Seremala alinipa magunia mawili. Pipa sasa lina tabaka kama keki.

Lakini wamekuja wengine. Kuna funza, weupe, wanene kama punje za wali uliovimba. Wamejaa chini ya maranda, ukiwafunua wanachemka. Nzi wakubwa wa buluu nao hawaondoki kwenye kifuniko. Halafu juzi nimeona tundu chini, upande wa ukutani. Panya. Nimeziba kwa jiwe, wametoboa pembeni ya jiwe.

Jirani yetu mshonaji amekuja kulalamika. Yule, unamjua, hapandishi sauti, na hiyo ndiyo inayoumiza. Alisimama mlangoni na kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi, akanionyesha alama tatu za nzi. "Fundi," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini nikimwita bwana afya, usiniambie sikukwambia." Nilimwomba wiki mbili. Amenipa.

Basi niambie, kuna dawa ya kunyunyiza? Maana kuhusu vya kutia, mimi natia maganda tu.

Kugeuza pipa kila siku ni mazoezi kweli. Nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Mama yenu angefurahi, alikuwa akinisema kitambi.

Baba yako,
Fundi Saa


27 Machi

Baba, shikamoo.

Dawa usinyunyize. Utaua vibarua wote na panya watabaki palepale.

Nitakwambia kama ninavyowaambia wakulima wanaokuja hapa. Nzi wa buluu hafuati ganda la ndizi. Panya hatoboi tundu kwa ajili ya majani ya chai. Na funza hawafiki wingi huo kwenye maganda yaliyofunikwa. Hapo kuna mtu anatia chakula kilichopikwa, tena si kidogo, na tena kila siku. Kama si wewe, basi ni mmoja tu mwingine anayeishi humo ndani, maana kaka yupo na lori lake barabarani wiki tatu kati ya nne. Najua una huruma na hutaki kumtaja. Usimfiche. Nimemwandikia mwenyewe, barua yake ipo ndani ya bahasha hii hii.

Kwa sasa toa kila kitu kinachonuka, ukifukie mbali, mita moja kwenda chini. Pipa liwekee wavu wa waya mgumu chini na ubavuni. Anza upya.

Chiriku


27 Machi

Wifi,

Sina mazoea ya kukuandikia, na samahani kwamba naanza na hili. Baba amepewa wiki mbili na jirani, kisha anaitiwa bwana afya, kwa sababu pipa lake limejaa funza na panya. Hao hawaji bila mabaki ya chakula. Naelewa kwamba jalala liko mbali na kwamba jikoni unachoka. Lakini lile pipa ndilo pekee alilobaki nalo la kumtoa kitandani asubuhi. Kumwaga wali na nyama mle kwa sababu ni karibu, kisha kumwacha mzee abebe aibu mbele ya majirani, sikutegemea kwako.

Naomba uache.

Wifi yako


3 Aprili

Chiriku,

Umemwandikia nini mkwe wangu? Ana siku mbili haongei. Anapika, ananiletea, anaondoka bila kukaa. Jana alisimama dirishani anaangalia uani muda mrefu na mwiko mkononi.

Yeye hana kosa lolote. Nasema tena, hana kosa. Pengine ni paka wa jirani wanabeba vitu. Habari ya pipa tuifunge, nitaliondoa, mshonaji apate amani yake. Wewe muombe radhi wifi yako. Usingoje Jumanne nyingine.

Baba


8 Aprili

Wifi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya kopo la chumvi. Sikukujibu haraka kwa sababu ningekujibu vibaya.

Nilichofanya ni kwenda kwenye pipa. Nilitaka nilimwage lote chini, nitazame mwenyewe, kisha nikuandikie kwa uhakika kwamba umenionea. Baba alikuwa ameenda kunyolewa. Nilitandika turubai, nikajifunga kitambaa puani, nikachukua koleo.

Juu palikuwa na maranda, yamesawazishwa vizuri kama ulivyomfundisha. Chini yake wali. Wali wangu, Wifi, ule wa karoti niliopika Jumapili. Chini ya wali mkate umelowa, funza wamo ndani yake hata huoni mkate. Halafu maranda tena. Halafu viazi vya kuponda. Halafu nyama, ile ninayomkatia vipande vidogo vidogo kwa sababu aliniambia meno yanamsumbua. Niliendelea kuchimba na kila nilipofika nilijua ni siku gani nilipika nini. Vidonge vyake vya presha vilikuwemo pia, vile vikubwa, vizima.

Wiki zote hizi sahani inarudi jikoni safi. Nilikuwa nafurahi. Nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba baba yako siku hizi anakula, sahani inarudi kama imeoshwa. Kumbe ilikuwa imeoshwa. Anaiosha kwenye bomba la uani.

Alinikuta nimechuchumaa hapo. Alivua kofia, akasema, "Ungeniambia, ningekusaidia kugeuza."

Nikamwambia, "Baba, hiki ni chakula chako."

Akasema, "Chakula chako ni kizuri, mkwe wangu. Hakipiti."

"Hakipiti wapi?"

Akaweka vidole viwili kwenye shimo la koo.

"Tangu lini?"

Akafikiri kidogo, maana unajua hapendi kukosea muda. Akasema, "Kabla ya pipa."

Nilikaa chini palepale kwenye turubai. Alisema alianza na mkate, ukawa unakwama. Kisha wali. Sasa ni chai na uji mwepesi, na hata hivyo ukipita anafumba macho. Ile sauti si mafua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema mimi nilikuwa napika kwa moyo na kunitazama uso wangu hakuweza. Na wewe, akasema, ungeacha kazi siku hiyo hiyo, kama ulivyoacha chuo kwa ajili ya mama.

Ameniomba nisikwambie mpaka mvua ziishe na miche yako ipandwe. Nimemwambia sawa, sitakwambia. Nimemdanganya, na sijutii.

Kuhusu barua yako, tuiache. Nilipoona kile nilichokiona, hasira ilikosa pa kukaa. Njoo.

Wifi yako


14 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimeipata leo saa nne, na sasa ni saa sita, bado nimekaa stoo kwenye magunia ya mbolea. Wenzangu wanadhani naumwa tumbo.

Nisamehe. Nilikuandikia kama mtu aliyekukamata, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unampikia na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha jinsi ya kufunika. Maranda unene wa kiganja. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Alijua kufanya kila kitu nilichomwambia isipokuwa kimoja, kula, na hicho hakuwa na namna.

Nimeomba ruhusa. Napanda basi la kesho. Usimwambie ninakuja, atajifanya amekula.

Wifi yako


13 Mei

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, nimerudi kitaluni kama ulivyoniamuru. Bado nina hasira na hiyo amri. Ulisema, "Ukikaa hapa utanitazama nikimeza, nami nitashindwa kumeza." Nimekaa ndani ya basi kwa muda wa saa tisa natafuta jibu, na sijalipata.

Namkumbuka yule daktari wa mwisho kati ya wote tuliowaona ule mwezi niliokaa nanyi, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipotuonyesha ile picha ya koo lako na kuonyesha kwa kalamu pale palipofunga na pale uvimbe ulipoenea, ukamuuliza, "Vipuri hakuna?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema watapunguza maumivu, na ile njia ndogo waliyoipanua itasaidia kwa muda. Ukamuuliza muda gani. Akasema hawezi kujua. Ukaniambia kwenye ngazi kwamba fundi asiyejua muda si fundi. Mimi nilikuwa nimeshika faili lako na nililishika vibaya, karatasi zote zikamwagika, nikafurahi kupata kitu cha kuokota.

Hapa watu wanapanga foleni asubuhi na majani yao kwenye mifuko. Huyu ana viwavi, yule ana utitiri, mwingine ana mchwa. Nawaambia fanya hivi, fanya vile, na wiki inayofuata wanarudi kunishukuru. Jana mama mmoja aliniambia, "Wewe huna linalokushinda." Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikakaa huko mpaka niliposikia naitwa.

Nilipokuwa nyumbani nilizisoma upya barua zangu ulizozitunza kwenye droo ya saa. Nilikuelekeza unyevu wa pipa. Nilikuelekeza unene wa maranda. Kuhusu kula nilikuandikia mstari mmoja, nao ulikuwa wa kukugombeza. Habari ya tundu jipya la mkanda uliniambia mwenyewe, na mimi nikaisoma kama mzaha.

Niandikie, hata kama ni mistari miwili.

Chiriku wako


22 Mei

Mwanangu Chiriku,

Mkono ni wa mkwe wangu, maneno ni yangu. Vidole vinatetemeka siku hizi na sitaki uone mwandiko mbaya, nina jina la kulinda.

Marahaba. Mimi ninaendelea vizuri. Asubuhi ya leo nimekunywa vikombe viwili vizima vya uji, nikaongeza na maziwa. Jana nilitoka uani, nikakaa kwenye kiti, nikaota jua kama mjusi. Kaka yako amepata siku nne za kupumzika, ametengeneza bawaba ya mlango vibaya, nimemwelekeza akaitengeneza tena vibaya.

Mshonaji alikuja kunitazama. Alileta shuka jipya jeupe alilolishona mwenyewe, akasema nzi wote wameondoka, na akaomba radhi kwa kunitisha na bwana afya. Nikamwambia alikuwa na haki. Alilia, nikawa sina la kumfanyia.

Usijilaumu kwa habari ya barua. Kuficha ni kazi niliyoifanya kwa makini, na kazi yangu ikifanywa kwa makini haionekani. Na zile barua zako za pipa nilizipenda. Ulikuwa unaniandikia kama mtu mwenye maisha mbele yake, nami nikizisoma nilikuwa nalo jambo la kesho.

Kwa hiyo tulia hapo. Njoo mwezi ujao, mvua zikiisha, miche ikishapandwa. Hakuna haraka yoyote.

Baba yako,
Fundi Saa

Wifi, haya ya chini ni yangu. Nimeandika kila neno kama alivyolisema kwa sababu barua ni yake. Lakini uji aliokunywa leo ni vijiko viwili, si vikombe, na kimoja kilirudi. Uani hajatoka siku tisa. Hapo alipotaja jua alikuwa anatazama ukuta. Ile njia waliyoipanua imefunga tena. Kaka yako hajarudi barabarani, amekaa, anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Muuguzi anayekuja kumchoma sindano aliniita pembeni akasema kama kuna mtoto aliye mbali, aitwe.

Alipomaliza kunitajia maneno aliniuliza, "Umeandika vikombe?" Nikasema nimeandika. Akasema, "Vizuri." Nadhani anajua kwamba nitakwambia. Nadhani pia angependa ujifanye hujaambiwa.


28 Mei

Wifi yangu,

Nimefunga barua yangu ya Baba pamoja na hii. Mkutano utakaousoma humo haupo. Nimeacha kazi mikononi mwa msimamizi na sikumwambia nitarudi lini, naye hakuniuliza. Konda amenihakikishia bahasha itakufikia asubuhi. Mimi nitaingia na basi la jioni hiyo hiyo. Msomee pole pole, kabla sijafika, kama ilivyo. Usipunguze neno.

Wifi yako


28 Mei

Baba, shikamoo.

Vikombe viwili na maziwa juu. Nimefurahi sana, nimewasomea wenzangu hapa stoo. Msimamizi wangu anasema mwenyewe hafiki viwili.

Umesema nije mwezi ujao na ningekutii. Lakini umetokea mkutano wa kazi huko mjini kwetu, wa ghafla, hata sisi hatukutarajia. Wanataka mtu wa kitalu, wamenichagua mimi, na kukataa sikuweza. Kwa hiyo usije ukadhani nimekuja kwa sababu yako. Nitakuwa na shughuli zangu. Ila mahali pa kulala hawakutupa, itabidi nilale nyumbani, na kwa kuwa chumba changu kimejaa vitu vya kaka, nitatandika hapo chumbani kwako, chini, upande wa dirisha.

Hawajatuambia mkutano utachukua siku ngapi. Nimewaambia mimi nina nafasi.

Bintiyo,
Chiriku